Tumbo la Jumatatu asubuhi: wasiwasi wa shule kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili

Mwanafunzi wa Tanzania anayehitimu darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, kisha hukaa nyumbani hadi Januari. Katika miezi hiyo mwili unabadilika, sauti inakuwa nzito au hedhi inaanza, na marafiki wanatawanyika kila mmoja na shule aliyopangiwa. Akiingia kidato cha kwanza anakuta shule ngeni, mara nyingi mbali zaidi na nyumbani, na mwalimu tofauti karibu kwa kila somo. Anakuta pia kwamba lugha ya kufundishia ni Kiingereza, ilhali katika shule ya msingi ya serikali hata sayansi alijifunza kwa Kiswahili. Mwaka wa pili unaishia kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Yote haya yanampata akiwa na miaka 13, 14 au 15.

Nchini Kenya umri huo ni wa gredi ya 7 hadi ya 9. Huko mzigo umetandazwa: tathmini ya KPSEA ya gredi ya 6 ina uzito wa asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na KJSEA ya mwisho wa gredi ya 9, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 60. Mtihani mmoja hauamui kila kitu, na hilo ni jema. Hata hivyo, mtoto mwenye wasiwasi anaweza kuhisi kwamba yumo ndani ya chumba cha mtihani miaka mitatu mfululizo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 50 likiwa la kawaida, hao ni kama saba. Wengi wao hawalii wala hawasemi. Wanaumwa tumbo, wanachelewa, wanasinzia, wanakuwa wakali kwa wadogo zao, au wanakaa kimya viti vya nyuma hadi muhula unaisha.

Watu wazima wenye nia njema hufanya makosa mawili kwa watoto hawa. La kwanza ni kumwambia mtoto avumilie jambo ambalo lilipaswa kuondolewa. La pili ni kumwondolea jambo ambalo alipaswa kusaidiwa kulikabili. Sehemu kubwa ya kazi ya kumsaidia ni kujua lipi ni lipi.

Maumivu ni ya kweli

Ubongo ukihisi hatari, huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, na baada ya dakika chache kotisoli. Moyo unaenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, na tumbo linapunguza kazi yake. Ndiyo maana mtoto mwenye hofu husikia kichefuchefu, hukimbilia choo, mikono humtetemeka na koo hukauka. Mfumo huu umeumbwa kwa ajili ya nyoka njiani, lakini hauchagui sana. Hushtuka vilevile mwalimu anapotaja jina la mtoto mbele ya darasa, kama mbwa wa ulinzi anayembwekea hata mwenye nyumba.

Sasa tazama namna mzunguko unavyojijenga. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mtoto anasema tumbo linamuuma. Anaruhusiwa kubaki nyumbani. Kufikia saa nne tumbo limetulia, anacheza na mdogo wake, na wazazi wanasema alikuwa anasingizia. Hakusingizia. Tishio liliondoka, adrenalini ikashuka, tumbo likapona. Lakini ubongo wake umejifunza kwamba kilichomponya ni kubaki nyumbani. Jumanne hofu itaanza mapema zaidi na itakuwa kali zaidi, kwa sababu sasa kuna pia kazi za jana ambazo hakuzifanya na swali la mwalimu, "Jana ulikuwa wapi?"

Wimbi la hofu kali kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe hata usipofanya lolote. Mtoto anayekimbia dakika ya tano hajawahi kuuona mshuko huo. Anaamini kwamba asingekimbia angezimia au angekufa. Hii ndiyo sababu kukwepa, kunakoonekana kuwa huruma, hukuza wasiwasi.

Kabla ya kumfundisha kuvumilia, angalia kinachomuumiza

Usianze na "Kwa nini hutaki shule?" Swali hilo linasikika kama mashtaka, na watoto wengi hawajui jibu lake. Uliza mahali na saa.

"Mama, tumbo linaniuma."

"Pole mwanangu. Limeanza usiku, au ulipovaa sare?"

"Nilipovaa sare."

"Leo kuna kipindi gani ambacho ungependa kisiwepo?"

"Cha hesabu. Mwalimu anatuita ubaoni. Ukikosa unachapwa."

Mazungumzo ya nusu dakika yameonyesha mambo mawili tofauti. Hofu ya ubao ni ya kusaidiwa kuizoea. Kuchapwa kwa kukosa jibu ni jambo la kwenda kuzungumza shuleni, kwa kuwa hakuna mbinu ya kupumua inayoweza kumtuliza mtoto ambaye kwa kweli anangoja kupigwa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko isiyozidi vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na kwa msichana itolewe na mwalimu wa kike kama yupo. Mwalimu wa somo kumchapa mtoto papo hapo kwa jibu baya hakumo humo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Mzazi aende mwenyewe, asitume ujumbe wa simu. Aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa malezi na unasihi, kisha mkuu wa shule. Akifika aombe ushirikiano kabla ya kulalamika: "Mwalimu, habari za kazi. Nimekuja tusaidiane kuhusu kijana wetu. Hofu ya kipindi cha hesabu imekuwa kubwa, nyumbani halali." Walimu wengi hawajui kwamba mtoto anayeonekana mvivu anatapika kila asubuhi.

Orodha ya hatari za kweli ni ndefu kuliko viboko. Kuna wakubwa wa bweni wanaonyang'anya, kondakta au bodaboda anayemsumbua msichana njiani, picha inayosambazwa kwenye kundi la simu, mwalimu anayemgusa mtoto. Kwa haya hakuna ngazi ya kujizoesha. Haya yanasimamishwa, na mtoto anaambiwa waziwazi kwamba kosa si lake.

Kisha kuna mambo ya mwili ambayo yanafanana sana na wasiwasi. Mtoto aliyetoka saa kumi na moja alfajiri na kikombe cha chai ya sukari peke yake, kufikia saa nne mikono inatetemeka, moyo unadunda na akili haishiki. Hiyo inaweza kuwa njaa tu. Kiporo cha wali na maharage, viazi vitamu, uji mzito wenye karanga au yai vinakaa tumboni kuliko chai na andazi moja. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinazidisha tatizo. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya wanaweka kikomo cha miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 35 hiyo ni miligramu 105. Chupa ya mililita 300 yenye miligramu 30 katika kila mililita 100 tayari ina 90. Akinywa mbili kabla ya mtihani, moyo utadunda hata kama hana hofu yoyote, naye ataupa mdundo huo jina la woga. Tumbo linalouma hata siku za likizo, homa, kupungua uzito, damu chooni au kukojoa kwa maumivu ni mambo ya zahanati kwanza.

Usingizi ndio unaodharauliwa zaidi. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri anapaswa kuwa amelala saa tatu usiku, na wakati huohuo balehe yenyewe inausogeza usingizi mbele, kiasi kwamba kabla ya saa nne macho bado makavu. Huwezi kuibadilisha balehe, lakini unaweza kuondoa vitu vingine. Simu ilale chumba cha wazazi. Sare, viatu na daftari vipangwe kabla ya chakula cha usiku. Kuosha vyombo kugawanywe, kusiwe kwa msichana peke yake. Tuisheni ya usiku ikimfanya alale saa sita, faida yake inapotea kesho yake darasani. Hapa wazazi hubisha sana, lakini kumbukumbu ya alichosoma huimarishwa akiwa amelala.

Jambo moja zaidi ambalo walimu wa kiume hulikosa: msichana anayekataa kusimama kujibu pengine haogopi swali. Anaogopa doa kwenye sketi. Taulo za kike mbili kwa matroni au mwalimu wa kike, sweta ya kujifunga kiunoni, na ruhusa ya kutoka bila kuomba kwa sauti mbele ya darasa hutatua kile ambacho nasaha za mwezi mzima zisingetatua.

Lugha iliyobadilika ghafla

Mtoto aliyepata daraja A darasa la saba anapata D ya baiolojia Machi, na hitimisho lake ni kwamba amekuwa mjinga. Baba naye anasema, "Mbona zamani ulikuwa wa kwanza?" Wote wawili wamesahau kwamba kilichopimwa safari hii ni Kiingereza kabla ya baiolojia. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo. Kisha mpe kazi inayopimika.

Muombe mwalimu wa somo maneno matano hadi manane ya kipindi kijacho, siku moja kabla. Jioni mtoto anayaandika katika daftari lenye safu tatu: neno, maana kwa Kiswahili, na sentensi moja fupi ya Kiingereza aliyoitunga mwenyewe. Anayatamka kwa sauti, kila moja mara tano. Sauti ni muhimu, maana wengi wanalijua neno kwa macho ila wanaogopa kulitamka, na woga wa kutamka ndio unaowafunga midomo. Masomo manne kwa siku yatampa maneno zaidi ya ishirini, ambayo ni mengi mno. Aanze na masomo mawili yanayomtisha, mengine yafuate baada ya mwezi.

Kosa la kawaida ni kukariri aya nzima za notsi bila kuzielewa. Kumpima ni rahisi: mwambie aeleze kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu, alichosoma. Akishindwa, hajaelewa, na kurudia kukariri hakutasaidia. Shule inayomwaibisha mtoto kwa kuzungumza Kiswahili, kwa kumvika kibao au kumpiga faini, inamfundisha kunyamaza. Kiingereza chake hakiongezeki kwa hilo.

Ngazi

Kinachobaki baada ya kuondoa hatari ni hofu yenyewe, na hofu inapungua kwa kuikaribia kidogo kidogo, mara nyingi, na kukaa nayo hadi ishuke. Mbinu hii inatumika duniani kote katika tiba ya wasiwasi kwa watoto, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya karatasi.

Tuseme mtoto hawezi kusoma kwa sauti darasani. Juu ya karatasi andika anachokiogopa kabisa: kujibu swali la ghafla ubaoni, kwa Kiingereza, mbele ya wote. Mwombe akipe alama ya hofu kutoka 0 hadi 10. Anasema 9. Chini kabisa andika kitu anachoweza kukifanya leo kwa hofu ya 2 au 3: kusoma sentensi tatu nyumbani mbele ya kaka yake. Kisha jazeni katikati pamoja. Kumsomea rafiki mmoja wakati wa mapumziko, 4. Kujibu swali moja darasani akiwa ameketi, kwa neno moja, 5. Kusoma sentensi moja aliyoarifiwa mapema, 6. Kusoma aya nzima akiwa amesimama, 7. Kuandika ubaoni jibu alilokwisha kulihakikisha, 8.

Hatua yenye alama 6 inahitaji mwalimu. Asubuhi, kabla ya kipindi, anamwambia mtoto faraghani, "Leo nitakuita kwenye ukurasa wa 12, sentensi ya tatu." Mtoto anaifanyia mazoezi mara kumi. Kipindi kikifika anaitwa, anasoma, anaketi. Mwalimu anasema "Asante," na anaendelea na mwingine. Sifa kubwa mbele ya darasa ingemgeuzia macho yote ambayo anayaogopa.

Kila hatua irudiwe siku kadhaa, mara tatu hadi tano, mpaka alama yake ishuke hadi nusu. Ndipo mpande. Wiki sita hadi nane kwa ngazi nzima ni mwendo mzuri.

Kinachoharibu ngazi kinajulikana. Hatua ikiwa kubwa mno, mtoto anakimbia kileleni mwa hofu na anatoka akiwa ameogopa zaidi. Hapo gawa hatua mara mbili, usimlaumu. Hatua ikifanywa mara moja tu, ubongo unaihesabu kuwa bahati. Mtoto akijificha nyuma ya kitabu au rafiki akimnong'oneza kila neno, atasema aliweza kwa sababu ya rafiki, kwa hiyo viegemeo hivyo viondolewe navyo, kimoja baada ya kingine. Na darasa likicheka, kazi ya wiki tatu inaanguka. Sheria ya kutochekana iwekwe siku ya kwanza ya muhula, mwalimu aisimamie bila kumfedhehesha aliyecheka, na yeye mwenyewe akikosea tahajia ubaoni aseme, "Nimekosea, ngoja nirekebishe."

Nyumbani, "Usijali, hakuna kitu" haifiki mbali. Mtoto anatulia dakika mbili kisha anauliza tena, na kila jibu linamfanya ahitaji jibu jingine. Muulize: "Unaona nini kitatokea? Na kikitokea, utafanya nini?" Akisema, "Nitakosea watanicheka," mwendelee hadi mwisho: watacheka kwa muda gani, utaketi wapi, nani atakaa na wewe mapumziko. Hofu yenye mwisho unaojulikana ni nyepesi kuliko isiyo na mwisho.

Kwa aliyeacha kwenda shule kabisa, siku ni adui. Wiki moja ya kukosa hurekebishika kwa siku chache, miezi miwili huhitaji muhula. Mrudishe mapema hata kwa nusu siku. Mwalimu mmoja anayemwamini amngoje getini siku tatu za kwanza. Tumbo likiuma akiwa shuleni, apumzike ofisi ya unasihi dakika 15 hadi 20 kisha arudi darasani. Asirudishwe nyumbani, labda awe na homa au anatapika kweli. Na siku akibaki nyumbani, televisheni na simu zizimwe, daftari zifunguliwe kwa ratiba ya shule. Si adhabu. Ni kwamba nyumbani kusiwe kutamu kuliko shule katika saa za shule.

Pumzi, kwa usahihi

Ushauri wa "vuta pumzi ndefu" huwazidishia hofu watoto wengi, na sababu yake inaeleweka. Ukivuta hewa nyingi haraka haraka, kabonidioksidi kwenye damu inapungua, na hapo kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafanya ganzi, na mtoto anasema, "Nazimia." Kinachotuliza ni pumzi ya kutoka.

Alale chali mkekani, daftari juu ya tumbo. Avute kwa pua taratibu kwa hesabu ya 4, daftari linyanyuke na mabega yasisogee. Atoe kwa mdomo uliobanwa, kama anapoza uji, kwa hesabu ya 6. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Afanye dakika tatu hadi tano, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili, akiwa ametulia. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani ataona haifanyi kazi. Baada ya wiki mbili ataweza kuifanya akiwa ameketi kwenye dawati bila jirani kutambua. Isiwe njia ya kufukuza hofu, bali ya kumpa nafasi ya kubaki pale alipo hadi wimbi lipite.

Mtihani

Hofu nyingi ya mtihani inatokana na kusoma vibaya. Kupitia notsi mara nne kunampa mtoto hisia ya kujua, kwa sababu maneno anayatambua akiyaona. Kwenye karatasi ya mtihani hayapo ya kuyatambua. Afunge daftari baada ya kila ukurasa, aandike anachokumbuka, kisha afungue asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Inachosha zaidi, na ndiyo maana wengi huikwepa, lakini inaondoa ile hali ya kushtukia mtihanini kwamba hukujua.

Karatasi ya Upimaji wa Kidato cha Pili huwa na saa mbili na nusu kwa alama 100: dakika moja na nusu kwa alama. Swali la alama 10 lina dakika 15, basi. Afanye karatasi za miaka iliyopita kwa saa halisi, mezani, bila simu, angalau moja kila wiki katika miezi miwili ya mwisho. Chumba cha mtihani kikiwa kimezoeleka, hofu inakosa pa kushika.

Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo yanayofaa kutumiwa na shule yoyote: wanafunzi wenye wasiwasi walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla tu ya mtihani walifanya vizuri kuliko ambao hawakuandika. Hofu ikikaa kichwani inakula nafasi ya kufikiria, ikiwa karatasini inaiachia. Karatasi hiyo haisomwi na mtu. Aichane.

Akili ikifunga katikati ya mtihani, aweke kalamu chini, akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, atoe pumzi ndefu tatu, kisha aandike chochote kinachohusiana na swali lolote analolijua. Mkono ukianza kutembea, kumbukumbu hufuata.

Hofu inapolishika bweni zima

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95. Walimu hawakupatwa. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudi makwao, na hali ikaenea hadi vijijini kama Nshamba. Madaktari walipima wakakosa sumu wala kimelea. Ulikuwa msongo uliotokea kwa mwili, ukapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine kwa kuonana.

Shule nyingi za Afrika Mashariki zimeona mfano wa hayo, kwa kuzirai, kupiga kelele au miguu kukataa kutembea, na mara nyingi huitwa mapepo. Kwanza daktari aondoe uwezekano wa homa, sumu ya chakula na kifafa. Kisha watenganishe walioathirika, kila mmoja mahali patulivu na mtu mzima mmoja, mbali na macho ya wenzake. Mkusanyiko wa maombi ya kelele, ving'ora na simu zinazorekodi huongeza idadi ya waathirika ndani ya saa moja. Usiwaambie wanaigiza, usiwaambie wamerogwa. Waambie mwili umechoka na utarudi, na vipindi viendelee kwa waliobaki. Baadaye ndipo uulizwe uongozi: mitihani ilisogezwa? Chakula kimepungua? Kuna mtu anawasumbua usiku?

Shule isiyo na mtaalamu wa saikolojia bado ina njia. Utafiti wa kundi la Shamiri nchini Kenya, uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, ulitumia vijana waliotoka karibuni sekondari kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi, saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Walijadili kwamba uwezo unaweza kukua, mambo ya kushukuru, na yale ambayo kila mmoja anayathamini. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wanafunzi waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Kikundi kama hicho hakikuitwa cha wagonjwa, na nadhani hapo ndipo siri ilipo: mtoto anakuja bila aibu.

Pale inapohitajika hospitali

Wiki mbili au zaidi za huzuni au hofu karibu kila siku, kuacha kula, kutolala, kujitenga na marafiki wote, alama za kujikata mikononi, au maneno kama "ingekuwa bora nisingekuwepo" yanahitaji mtaalamu. Muulize moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Huwapa wengi nafasi ya kwanza ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na siku hiyohiyo viuatilifu, dawa za mifugo na vidonge vyote vya nyumbani vifungiwe au vitolewe. Sala na dua ziendelee kwa wanaoamini, ila mahali pa kumfunga mtoto kwa kamba, kumlazimisha afunge kula au kumchapa ili "kitoke" pakwepwe kabisa.

Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo, kwa mtoto mwenyewe au mtu mzima anayemhofia. Katika hospitali ya wilaya au ya mkoa ulizia kliniki ya afya ya akili. Nenda na karatasi moja yenye mambo haya: dalili zilianza lini, zinatokea saa ngapi na wapi, analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, amekosa siku ngapi za shule mwezi huu, dawa anazotumia, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Muombe daktari azungumze na mtoto peke yake kwa dakika chache, na ukitoka nje usimuulize alisema nini.